HPV Haiulizi Cheti cha Nikaha



Wiki hii nimetumiwa ile sauti ya WhatsApp mara tatu. Watu watatu tofauti, wote vijana, wawili kati yao wamemaliza chuo kikuu. Unaijua hiyo sauti. Mwanamume asiyetaja jina lake, anaongea polepole kama mwenye siri kubwa, anasema chanjo ya HPV wanayodungwa wasichana ni njama ya kufunga vizazi vya Waislamu, na kwamba binti aliyelelewa vizuri haihitaji kwa sababu huo ni ugonjwa wa wazinzi. Wa tatu aliyenitumia aliandika chini yake, "Tuamshe umma."

Haya, tuamshane.

Marehemu shangazi yangu aliolewa na miaka 18, bikira, hakumjua mwanamume mwingine duniani ila mumewe. Mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, mtu ambaye hata dukani alikuwa akituma watoto. Alikufa na miaka 48 kwa kansa ya mlango wa kizazi. Ilianza kwa damu kutoka siku ambazo si zake, akanyamaza. Ikaja harufu. Mwenyewe aliisikia, akaacha kwenda harusini, akaacha kwenda matangani, na watu wakasema siku hizi anaringa. Alipomwambia mamangu, mwaka mzima na ushei ulikuwa ushapita na mguu mmoja ushavimba. Hospitali ya kwanza walimpa vidonge, wakasema ni maambukizi ya kawaida, hata kumwangalia hawakumwangalia. Ya pili ndiyo iliyotuambia ukweli. Tukampeleka Nairobi kwa mionzi, lakini uvimbe ulikuwa ushaziba njia ya mkojo na figo zikaanza kufa.

Baada ya mazishi, kuna waliokuwa wakinong'ona pale pale barazani. "Lakini ugonjwa huo si huwapata wale..." Hawakumaliza sentensi. Mimi sijawasamehe mpaka leo, na yule wa kwenye sauti ya WhatsApp naye anasema hayo hayo, tofauti ni kwamba yeye anayasema kwa watu elfu kumi.

Sasa tuanze na kirusi chenyewe, manake wengi wanaopiga kelele hawajui ni kitu gani.

HPV ni kirusi cha papiloma. Si kimoja, ni ukoo mkubwa. Aina zake zinazojulikana zapita 200. Nyingi hazina neno. Zile chunjua ngumu za vidoleni ambazo watoto huwa nazo, hizo ni kazi ya HPV. Kuna aina kama 40 zinazoishi sehemu za siri, na hapo napo ziko za namna mbili. Aina 6 na 11 huleta chunjua za sehemu za siri, ambazo zinaudhi na kutia aibu lakini haziui. Halafu kuna kama aina 14 za hatari. Kati ya hizo, mbili tu, 16 na 18, ndizo zinazosababisha karibu 70 katika kila kansa 100 za mlango wa kizazi duniani. Aliyegundua uhusiano huo ni Mjerumani, Harald zur Hausen, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008. Kabla yake wataalamu wengi walikuwa wakilaumu kirusi kingine kabisa.

Kinaambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi wakati wa tendo la ndoa. Hakihitaji damu wala manii. Mwenye nacho haumwi, hajikuni, hana homa. Na ni cha kawaida kiasi kwamba karibu kila aliyewahi kukutana kimwili na mtu, mwanamume au mwanamke, atakipata wakati mmoja maishani. Mwili huwa unakifukuza wenyewe. Katika watu 10 walioambukizwa, kama 9 huwa wameshakimaliza ndani ya miaka 2 bila hata kujua kwamba walikuwa nacho.

Taabu ni ya huyo mmoja. Kwake kinabaki, kinakaa ndani ya seli za mlango wa kizazi, kinazibadilisha kidogo kidogo. Mpaka kansa itokee, mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20. Mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dawa, miaka 5 hadi 10. Fanya hesabu mwenyewe. Mwanamke anayefariki na miaka 48 yawezekana alikipata angali na harufu ya udi wa harusi yake.

Kwa hivyo ile hoja ya "ugonjwa wa wazinzi" nataka tuikamate vizuri, manake ndiyo inayotuua.

Mwanamume aliyeoa, akaacha, akaoa tena: halali. Mjane aliyeolewa baada ya eda: halali. Mke wa pili na wa tatu: halali. Hapa Pwani na kule Kaskazini Mashariki, talaka na kuolewa tena ni mambo ya kila siku. Tuna watu chungu nzima ambao hawajawahi kukaribia haramu na bado maisha yao ya ndoa yamewakutanisha na HPV mara mbili tatu. Kirusi hakisomi cheti cha kadhi. Na hapo sijamgusa yule kijana aliyezurura akiwa na miaka 20, akatubia kweli kweli, akafuga ndevu, akaposa binti wa watu aliyetulia. Toba yake ataipokea Mola wake inshallah. Kirusi hakina habari na toba. Huyo binti usafi wake wote hautamlinda na kilichokuwa ndani ya mwili wa mumewe kabla hajamjua.

Unaona sasa? Ukisema "binti yetu ana maadili, haihitaji," unazungumza kana kwamba binti ataolewa na nafsi yake.

Na wewe mwanamume unayesoma hili ukidhani ni la kina mama, ngoja. HPV hiyo hiyo husababisha kansa ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Kuna anayeniambia, "Sisi tumetahiriwa." Kweli, tohara inasaidia, majaribio yaliyofanywa Rakai, Uganda, yalionyesha waliotahiriwa huwa na aina za hatari kwa uchache kuliko wasiotahiriwa. Kwa uchache, sikusema hawana. Na kwa kuwa mwanamume hana kipimo cha kawaida cha HPV cha kwenda kufanya, wengi wetu tunakibeba na kukipeleka nyumbani bila kujua.

Lingine, na hili limevunja nyumba za watu. Mkeo akipimwa akakutwa na HPV, karatasi ile si ushahidi wa jambo lolote. Kirusi kinaweza kulala mwilini miaka mingi kisha kikaonekana. Hakuna daktari anayeweza kukwambia kilitoka kwa nani wala mwaka gani. Mwanamume anayetoa talaka kwa karatasi ya majibu ya HPV amedhulumu, na pengine aliyekileta ni yeye mwenyewe.

Turudi kwa chanjo. Ile sauti inasema inafunga kizazi.

Ndani ya chanjo ya HPV hamna kirusi, si kizima wala kilichokufa. Mna ganda lake tu, protini ya nje, ili mwili ujifunze kukitambua siku kikija. Ile iliyoanza kutumika hapa nchini 2019, ganda lake hutengenezwa kwa hamira. Ndiyo, hamira, jamii ile ile ya inayoumua mahamri yako ya asubuhi. Jelatini haimo katika vilivyomo. Chanjo hizi zimekuwa zikitolewa tangu 2006, na kufikia 2017 dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimeshatolewa duniani. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza usalama wa chanjo imezipitia mara nyingi na haijaona kwamba zinaleta utasa. Zinachofanya ni mkono kuuma siku moja mbili, pengine homa ndogo, na wasichana wengine huona kizunguzungu kwa kuogopa sindano, ndiyo maana huambiwa wakae robo saa kabla hawajaondoka.

Kama ni njama ya kumaliza Waislamu, basi Malaysia wamejipangia wenyewe, manake wamekuwa wakiwachanja wasichana wao mashuleni tangu 2010. Abu Dhabi walianza 2008. Ndugu zetu wa Zanzibar wamo katika mpango wa Tanzania ulioanza 2018. Pakistan walianza Septemba 2025, sauti kama hizi zilipozagaa kule pia, na waziri wao wa afya akamleta binti yake akadungwa mbele ya kamera. Na hapa Kenya, mwaka wa 2014, maaskofu wa Kikatoliki ndio waliosimama kupinga chanjo ya pepopunda wakidai inafunga vizazi vya wanawake. Sasa tuambiane, hii njama ni ya kumaliza nani hasa? Kila jumuiya ina hakika ni yenyewe inayolengwa.

Unataka kujua kinachomaliza kizazi? Ni kansa yenyewe. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi mfuko wa uzazi hutolewa wote. Ikichelewa, ni mionzi, na mionzi ya nyonga huunguza mayai ya mwanamke. Wanawake wa miaka 30 na kitu, ambao bado walitaka watoto, wamepoteza kizazi hivyo. Hao hakuna aliyewatengenezea sauti ya WhatsApp.

Najua kwa nini sauti ile inaaminika, na sikucheki kwa kushuku. Sisi ni watu tuliozoea kuulizwa cheti cha babu ili tupate kitambulisho. Tumeona vijana wetu wakichukuliwa usiku na wasirudi. Serikali ile ile ikija na sindano ikasema "ni kwa faida yenu," lazima mtu akunje uso. Shuku, ni haki yako. Lakini kushuku ni kuuliza na kungoja jibu. Kusambaza sauti ya mtu asiye na jina si kushuku, ni kuamini. Umemwamini mtu usiyemjua kuliko ulivyomwamini muuguzi wa mtaani kwenu anayeswali safu moja na mamako.

Na chanjo hii haikuletwa kwa mlango wa nyuma. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa, Oktoba 2019, na rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Ni bure katika vituo vya serikali kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14. Watu huuliza mbona umri mdogo hivyo, ati wanafundishwa zinaa. La. Chanjo inazuia, haitibu. Inafaa kabla kirusi hakijafika, na mwili wa mtoto wa umri huo hujenga kinga yenye nguvu zaidi. Ndui hatukungoja iingie mtaani ndipo tuchanjwe. Wala hakuna anayemvua mtoto nguo. Ni sindano ya begani, buibui inapandishwa mkono tu.

Tena sehemu ya ushahidi uliobadilisha mawazo ya dunia kuhusu chanjo hii umetoka kwetu. Watafiti, wakiwemo wa KEMRI, waliwachukua wasichana 2,275 wa Nairobi, Thika na Kisumu, wa miaka 15 hadi 20, wakajaribu kuona kama dozi moja inatosha. Matokeo yalitoka 2022: dozi moja ilizuia maambukizi mapya ya aina 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba nchi zinaweza kutumia dozi moja kwa wasichana wenye kinga nzuri. Wenye kinga dhaifu huhitaji zaidi. Nasema haya pia kwa wewe dada wa miaka 19 unayedhani ushapitwa. Wasichana wa utafiti ule walikuwa rika lako. Kama hujaolewa na unaweza kuigharamia katika hospitali za binafsi, kazungumze na daktari.

Ukitaka kuona inavyokuwa watu wakikubali, angalia Rwanda, waliotangulia Afrika nzima mwaka wa 2011 na kuwafikia zaidi ya wasichana 90 katika kila 100. Au Scotland, ambako ripoti ya 2024 ilisema katika wanawake wote waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 hakupatikana hata mmoja mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Hata mmoja. Sisi kwa makadirio ya mwaka wa 2020 tulikuwa na wagonjwa wapya 5,236 na waliokufa 3,211. Hao ni kama wanawake 9 kila siku, Kenya hii.

Mama zetu hawataokolewa na chanjo, wao wameshapita. Wao wanahitaji kupimwa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu kipimo chenyewe ni rahisi ajabu. Kuna kile cha siki. Mhudumu anaupaka mlango wa kizazi siki nyepesi kwa pamba, anangoja dakika moja, na mahali penye seli zilizobadilika panageuka peupe. Pakionekana peupe panaweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, mara nyingi siku hiyo hiyo, bila kulazwa, na mama anarudi kupika. Kansa ambayo ingekuja baada ya miaka kumi imekatwa mzizi. Kwa shangazi yangu hakuna aliyewahi kusema habari ya kipimo hiki katika miaka yake 30 ya ndoa na kliniki zote za uzazi alizopita. Na si yeye peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta katika wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, kama 16 tu ndio waliowahi kupimwa.

Kipimo kilicho bora zaidi ni cha kutafuta HPV yenyewe, na hiki kina jambo ambalo wenye haya wangelipenda wakilijua: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Anapewa kijiti chenye pamba, anaingia nyuma ya pazia au chooni, anajichukulia, anakirudisha kwenye kichupa. Hakuna anayemuona. Basi ule udhuru wa "siwezi kuvuliwa mbele ya daktari mwanamume" una jawabu, mradi vifaa viwepo.

Na hapo ndipo penye kudai. Kama kuna dhulma ya afya kwa Waislamu wa nchi hii, ni hii: kwamba mwanamke wa visiwani Lamu safari yake ya matibabu inaanzia kwenye mashua, kwamba mionzi haiko katika kila kaunti, kwamba kituo kina muuguzi mmoja na ni mwanamume, kwamba kipimo cha HPV hakipo na hakuna anayeuliza mbona hakipo. Wawakilishi wadi tunaowachagua hupitisha bajeti ya afya ya kaunti kila mwaka, na vikao vya wananchi hutangazwa. Tumejazana kwenye vikao vya ardhi. Kwenye vikao vya afya sioni mtu. Nendeni mkaulize kwa sauti: hospitali yetu ina wauguzi wanawake wangapi wa kupima mlango wa kizazi, vijiti vya kujipimia viko wapi, na mabinti wanaosoma madrasa na duksi bila kwenda skuli wanafikiwaje na chanjo?

Masheikh wetu nawaheshimu, lakini niwaambie wazi. Khutba za haya na stara tumezisikia, na ni haki. Haya ya kumzuia mwanamke kusema kwamba anatoka damu si stara. Fiqhi yetu ina milango mizima ya hedhi na istihadha, wanawake walikuwa wakiuliza mambo hayo waziwazi na wakijibiwa. Sisi ndio tulioyafanya siri. Khutba moja tu inayosema "damu nje ya siku zako, damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, nenda hospitali usingoje" ingefika mahali ambapo hakuna bango la wizara litafika.

Wewe uliyenitumia ile sauti, sikutaji jina. Rudi kwenye grupu ulilolituma, andika kwamba umekosea. Kisha leo jioni mpigie mamako umuulize kama amewahi kupimwa. Najua utaona haya, mimi nilimuuliza wangu kwa ujumbe kwanza kwa kuogopa kuiona sura yake. Alinijibu baada ya siku mbili: "Mambo gani hayo ya kuniuliza." Nikampelekea nauli na jina la muuguzi mwanamke. Akaenda Jumanne, na akamchukua jirani yake.